Usiniuzie Besi, Niuzie Sauti

Mwaka wa 2022 baba yangu alibeba jogoo na kilo mbili za sukari akavipeleka kwa boma ambalo silo. Hakupotea njia. Mimi ndiye niliyempoteza, na mimi nilipotezwa na hedifoni ya shilingi mia sita niliyoinunua Daraja Mbili, yenye maandishi ya dhahabu kwenye boksi yakiniahidi besi, na besi tena, na besi zaidi.

Nianze mwanzo. Desemba 2019 nilimrekodi magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Ekegusii, akiwa jikoni kwake upande wa Nyamira. Mvua ilikuwa inapiga mabati, maana kwetu mvua ya alasiri haibishi hodi. Simu niliiweka juu ya kibuyu cha maziwa. Rekodi ni ya dakika arubaini na moja. Kwenye dakika ya ishirini na sita anasema jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yetu: mwaka ule baba yangu aliporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, kuna mama wa kijiji cha pili aliyeuza mbuzi wake, akamletea pesa, na baadaye akakataa kulipwa. Magokoro akataja jina la boma hilo. Akasema, hao msiwasahau. Miezi mitatu baadaye tukamzika.

Kazi yangu ni kuandika sauti. Natumiwa faili za watu wakiongea, mikutano, mahojiano, mahubiri, nami naziweka kwenye maandishi. Nalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa ninazokaa nikirudia rudia sekunde tatu zilezile. Kwa hivyo nilipoamua kuandika maneno ya magokoro, nilifanya kama kazi nyingine yoyote: nikavaa hedifoni yangu, nikaandika nilichosikia. Kuna majina mawili ya ukoo kule kwetu yanayofanana kila herufi isipokuwa moja. Moja lina t, lingine lina ch. Sitayataja, wenyewe wapo na wanasoma. Mimi nilisikia t. Nikaandika t. Baba akasoma, akalia kidogo, akatafuta jogoo.

Wale watu walimkaribisha vizuri. Walimpa chai. Hawakukumbuka mbuzi yeyote, lakini walimpokea jogoo. Nani anakataa jogoo?

Ukweli niliujua mwaka wa 2024, usiku, kwa bahati tu. Mteja alikuwa amenirudishia faili mara ya tatu, ati nimeacha mapengo mengi ya «haisikiki». Kwa hasira nikaanza kuchezea ikwalaiza kwenye laptopu, kitu ambacho nilikuwa nikidhani ni cha madijee. Nikashusha huku, nikapandisha kule. Sauti za mteja zikafunguka kama dirisha. Nikajiambia, wacha nijaribu na magokoro. Dakika ya ishirini na sita ikatoka ch. Nikarudisha. Ch. Nikazima ikwalaiza: t, au kitu kama t, kitu kilichofunikwa na blanketi. Nikaiwasha tena: ch, wazi kama mtu anayeita kuku.

Hedifoni ilikuwa ileile ya mia sita. Rekodi ileile. Jina sahihi lilikuwamo tangu 2019. Na yule mama wa mbuzi alikuwa amezikwa Aprili ya mwaka huohuo.

Kuna watu wataniambia kosa ni langu, ningeuliza wazee kwanza. Kweli kabisa. Nusu ya kosa ni yangu, nimeibeba. Makala haya ni ya ile nusu nyingine.

Nenda Daraja Mbili siku ya soko. Ukishapita ndizi na maparachichi, ukishapita mitumba iliyorundikwa juu ya turubai, utafika kwa vijana wenye meza za vitu vya simu. Chaja, kava, kebo, na hedifoni zimening'inizwa kama samaki. Kila boksi linasema kitu kimoja. Kijana atakuvalisha mwenyewe, atakuwekea wimbo, na utajua ni wimbo gani kabla hajauweka: ule unaotikisa taya. «Sistangu, sikia hiyo besi! Hii si mchezo.» Na kweli inatikisa. Katikati ya kelele za soko, na mhubiri mwenye kipaza sauti upande huu na muuza dawa ya panya upande ule, kitu pekee kinachoweza kukufikia ni mtikisiko. Unalipa. Unaenda nyumbani. Unataka kumsikia mtu akiongea, na hapo ndipo unagundua umenunua ngoma yenye kamba ya kuvaa kichwani.

Simlaumu kijana wa meza. Anauza kinachoulizwa. Ninaowalaumu ni watatu: anayetengeneza takataka kwa makusudi akiamini kwamba mtu mweusi anataka mtikisiko tu, mjuaji wa Nairobi anayesema kwamba bila elfu thelathini huwezi kusikia chochote, na sisi wenyewe, tunaokubali yote mawili.

Nianze na huyo wa kwanza. Hedifoni ni kitu rahisi. Ndani ya kila kikombe kuna kiwambo chembamba cha plastiki, koili ya waya na sumaku. Umeme unaingia, koili inasogea, kiwambo kinasukuma hewa. Zile zilizozibwa nyuma, ambazo ndizo nyingi kwenye meza za Daraja Mbili, zinafungia hewa ndani ya kikombe ili sauti isitoke nje na kelele isiingie. Ni aina inayotufaa sana watu wa mjini, wa matatu, wa nyumba za kupanga zenye ukuta wa mbao. Lakini kikombe kilichozibwa kina tabia zake. Hewa iliyofungiwa inavuma. Plastiki nyepesi nayo inavuma pamoja nayo. Asiyejali kuidhibiti mivumo hiyo anaiacha, kisha anaiita besi.

Besi hasa inakaa chini, chini ya hezi 100, pale unapoisikia kifuani kuliko sikioni. Kinachouzwa kwetu mara nyingi ni uvimbe ulio juu kidogo ya hapo, kati ya 100 na 300 hivi, mahali ambapo sauti ya mtu inaanzia. Sauti ya mwanamke mzima akiongea ina msingi karibu na hezi 200. Kwa hivyo ule uvimbe haukupi besi, unamvimbisha mtu anayeongea, anakuwa kama ana mafua. Kisha kuna sheria ya sikio ambayo haijali bei: sauti nzito ikiwa kubwa huifunika sauti nyembamba iliyo juu yake kuliko nyembamba inavyoweza kuifunika nzito. Konsonanti kama s, sh, ch na t hujitambulisha juu kabisa, kuanzia hezi 2,000 kwenda mbele, na hazina nguvu. Ni pumzi tu. Vimbisha chini, legeza juu, na umefuta tofauti kati ya boma moja na lingine.

Halafu mtu anakuja kuniambia eti Waafrika tunapenda besi, ndiyo maana tunatengenezewa hivyo. Nani aliwatuma? Mgusii aliijua besi kabla ya hedifoni. Obokano yetu ina nyuzi nane na mwili mkubwa kama sufuria ya matanga, na inashuka chini mpaka wageni waliowahi kuiandika wakaifananisha na besi kubwa ya okestra. Lakini kaa karibu na mpiga obokano uisikilize. Ule uzito una meno. Kila uzi una mkwaruzo wake, mlio wa nyuki juu ya mvumo, na mkwaruzo huo ndio unaokuambia ni uzi gani umeguswa na kidole kimeondoka lini. Mwimbaji naye anaongea juu yake, na maneno hayapotei hata moja, kwa sababu maneno ndiyo kazi yenyewe: anasifu, anasengenya, anakumbusha. Tuliipenda besi yenye maneno ndani yake. Kuiondoa mikwaruzo na kuacha mvumo mtupu, kisha kusema ndivyo tunavyopenda, ni matusi.

Na sidharau besi. Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walitumia miaka mingi, hasa kuanzia 2012, wakiwavalisha watu hedifoni na kuwauliza wanapendelea sauti ipi. Waliwajaribu wazoefu na wasio wazoefu, wa nchi mbalimbali. Wengi walielekea mahali pamoja: besi iliyoinuliwa kwa kiasi kule chini kabisa, katikati pametulia, na mwinuko kwenye hezi 3,000 hivi. Huo mwinuko wa juu si urembo. Tundu la sikio lako ni kama filimbi ya sentimita mbili na nusu, linavuma lenyewe pale karibu na 3,000, na ubongo wako umeishi nalo tangu kuzaliwa. Hedifoni inaruka sehemu ya safari ya kawaida ya sauti, kwa hivyo isipourudisha mwinuko huo, kila mtu anasikika kama yuko chumba cha pili. Tazama basi: hata watu waliopima hawakusema besi ni dhambi. Walisema iwe mahali pake.

Sasa mjuaji wa Nairobi. Huyu unamjua. Ana hedifoni inayogharimu kodi ya nyumba yangu ya miezi minne, na anakuonea huruma. «Ukitaka kusikia vizuri, weka pesa.» Mwaka wa 2017 Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la chama cha wanaakustika wa Marekani vipimo vya hedifoni 283, za kila aina, za bei ya chini na za bei ya kutisha. Alitafuta uhusiano kati ya bei na namna hedifoni inavyogawa sauti kutoka chini hadi juu. Hakuupata. Sikusema alipata uhusiano mdogo. Hakuupata. Ghali nyingine zilikuwa zimepinda, rahisi nyingine zilikuwa zimenyooka.

Bei inanunua vitu, sikatai. Inanunua bawaba isiyokatika mwezi wa pili, spanji isiyochubuka, kebo inayobadilishwa, kichwa kisichouma ukikaa saa sita. Kwa kazi yangu hivyo vyote vina maana. Hata kwenye studio, chombo ambacho wengi wamekitegemea tangu 1991, Sony MDR-7506, si cha bei ya kifalme. Lakini ule mgao wa sauti, ule unaoamua kama ni t au ch, hauuzwi kwa kupanda ngazi. Na habari njema zaidi, habari ambayo mjuaji haipendi, ni kwamba mgao huo unaweza kurekebishwa, na marekebisho ni bure.

Wacha nikuambie nilivyofanya, maana hasira bila maelezo ni kelele tu.

Kwanza, kabla ya kugusa programu yoyote, bonyeza vikombe viwili kichwani kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, ujue vilikuwa vinavuja. Hedifoni iliyozibwa inategemea kuziba. Tundu dogo tu kati ya spanji na ngozi na besi ya kweli inatoroka, unabaki na ule uvimbe peke yake. Mimi nina rasta. Kwa miaka miwili nilivaa vikombe juu ya nywele. Dada zangu wenye kusuka, mama zangu wenye vilemba na hijabu, ndugu zangu wa miwani minene: sisi sote tunavujisha. Na wale wanaopima hedifoni wanapimia vichwa vya bandia, vipara vya mpira. Grafu zao ni za kweli, ila ni za kichwa kisicho na nywele. Nikagawanya rasta nyuma ya masikio, nikabadilisha spanji zilizochanika, na tayari nilikuwa nimepata nusu ya dawa.

Pili, tafuta ikwalaiza ya kweli. Ile ya vibao vilivyoandikwa «Rock» na «Jazz» na «Pop» iache. Kwenye laptopu ya Windows ipo Equalizer APO, ya bure. Kwenye simu ya Android ipo Wavelet. Na kuna kijana Mfini, Jaakko Pasanen, aliyeanzisha mradi wa AutoEq, ambao umekusanya vipimo vya maelfu ya hedifoni na kutoa marekebisho ya kila moja, bure, kwa yeyote. Ukiwa na hedifoni inayojulikana, unatafuta jina lake, unaweka, umemaliza.

Tatizo ni kwamba hedifoni ya Daraja Mbili haina jina. Au ina jina la mtu mwingine. Boksi linasema hivi na ndani kuna vile, na wiki ijayo boksi lilelile litakuwa na kitu kingine. Hakuna orodha ya dunia itakayokusaidia. Itabidi utumie masikio, na hapa ndipo nataka kukupa kitu nilichojifunza mwenyewe.

Usirekebishe kwa muziki. Muziki hujui ulisikikaje studioni. Rekebisha kwa mtu. Mketishe mama yako, au mumeo, au mtoto, mbele yako. Mrekodi kwa simu akisimulia alivyoamka. Kisha vaa hedifoni, cheza rekodi, vua, mwambie arudie, vaa tena. Sauti anayoijua mtu kuliko zote ni ya mtu wake wa nyumbani. Akisikika kama ana mafua, tafuta ule uvimbe: chukua eneo pana karibu na hezi 180, shusha desibeli mbili mbili. Mimi nilifika kushusha saba kabla mafua hayajapona. Akisikika kama yuko chumba cha pili, pandisha karibu na 3,000. Mimi niliongeza tano. Herufi s ikikuchoma kama pilipili, kuna mwiba mahali fulani kati ya 6,000 na 9,000, ushushe kidogo. Na popote unapopandisha, shusha sauti ya jumla kwa kiasi hichohicho kwanza, la sivyo sauti itapasuka vilele na utalaumu ikwalaiza bure. Shusha zaidi kuliko unavyopandisha. Hiyo ndiyo siri yote.

Haiponyi kila kitu. Kiwambo kinachokwaruza kitaendelea kukwaruza. Kikombe kinachovuja kitavuja. Na rekodi mbaya haigeuki nzuri, mvua ya mabati ya magokoro bado inanyesha pale. Lakini kati ya «haisikiki» na «ch» kuna safari ya dakika ishirini na shilingi sufuri, na hakuna mtu aliyeniambia. Mteja alinikata pesa kwa mapengo. Niliamini masikio yangu yameharibika.

Na karibu yangeharibika kweli. Kwa sababu ukikosa maneno unafanya nini? Unaongeza sauti. Unaongeza pumzi ya ch, lakini unaongeza na uvimbe, kwa hivyo bado hausikii, kwa hivyo unaongeza tena. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2015 kwamba vijana bilioni 1.1 walikuwa hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Kipimo wanachotoa kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa arubaini kwa wiki, na kila ukiongeza tatu, saa zinakatika nusu. Kwa 83 una saa ishirini. Kwa 86 una kumi. Mimi nafanya kazi saa sita kwa siku. Piga hesabu. Vijana wa matatu ya Keroka wanapiga hesabu yao kwa kushindana na spika iliyo chini ya kiti. Sikio likishachoka halina mitumba, hakuna meza Daraja Mbili inayouza lingine.

Kwa hivyo mtu akiniambia hii ni anasa, kwamba watu wanatafuta unga na mimi niko na desibeli, namjibu hivi. Mtoto anayefuata somo kwa simu ya mama yake anasikiliza kwa hedifoni hizi. Mtu aliye kijijini anayesikiliza habari za Egesa kwa lugha yake, huku wenzake wamelala, anasikiliza kwa hizi. Aliye Doha akimpigia mama yake Nyamira kuuliza dawa gani daktari ameandika, anasikiliza kwa hizi, na majina ya dawa yanatofautiana kwa herufi. Ekegusii yenyewe ni lugha ambayo neno hubadilika kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na wanaoizungumza kwa undani wanatuacha mmoja mmoja. Tumewarekodi kwa simu, kwa bahati nzuri. Tunawasikiliza kwa nini? Kwa ngoma yenye kamba ya kuvaa kichwani.

Maskini hajawahi kuomba auziwe uongo wa bei nafuu. Ameomba bei nafuu. Ni vitu viwili tofauti, na biashara yote hii imejengwa juu ya kuvichanganya.

Ninachodai si kikubwa. Ukienda kununua, kataa wimbo wa kijana wa meza. Beba rekodi yako ya mtu akiongea na uombe kuisikia hapohapo, na bonyeza vikombe, na uvae jinsi utakavyovaa nyumbani, nywele na yote. Mwezi uliopita nilifanya hivyo. Kijana alicheka. «Madam, hakuna mtu ashawahi niuliza nimuwekee mtu akiongea.» Nikamwambia aanze kuwauliza wateja. Tulijaribu saba. Moja ya mia nane, nyeusi, haina maandishi yoyote, ilikuwa safi kuliko ya elfu mbili na mia tano iliyokuwa inawaka taa. Naye akavaa, akasikiliza, akavua, akavaa ile ya taa, akanyamaza. Kisha akaichukua ile nyeusi iliyokuwa nyuma kabisa, akaitundika mbele. Hiyo ni hatua.

Wanaotuuzia kwa majina yao halali nao waandike kwenye boksi kitu tunachoweza kukipima, badala ya maandishi ya dhahabu. Na wanaotufundisha uanahabari na lugha katika vyuo vyetu watenge asubuhi moja, moja tu, wawafundishe wanafunzi kunyoosha hedifoni kabla hawajawatuma vijijini kurekodi wazee.

Mwisho wa habari ya jogoo ni huu. Wa pili nilimpeleka mwenyewe. Boma lenye ch liko ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwa magokoro. Nilimkuta mwana wa yule mama, mzee kidogo kuliko baba. Nilimweleza kila kitu, hata la boma lingine, na akacheka kwa sababu anawajua. Mbuzi alimkumbuka. Alikuwa wa kwake, alisema; yeye ndiye aliyekuwa akimchunga, na alimkasirikia mama yake mwaka mzima.

Nikamwomba asikilize. Nikamvalisha hedifoni, nikabonyeza vikombe kwa viganja vyangu maana sikio moja lilikuwa linavuja, nikaweka dakika ya ishirini na sita. Akasikia mvua. Akamsikia magokoro akimtaja mama yake, na kusema hao msiwasahau. Akaniashiria nirudishe. Nikarudisha. Akafumba macho mpaka mwisho.

Alipovua alisema, «Mbuya mono.» Kisha akaigeuza ile hedifoni mikononi, akaisoma maandishi ya dhahabu.

«Hii ulitoa wapi, mwanangu?»

«Daraja Mbili.»

«Pesa ngapi?»

«Mia sita, baba. Lakini nimeitengeneza kidogo.»